Kuku Ndani ya Kasri

Chumba changu cha kurekodia kipo Mabatini,
kule juu, ngazi za mawe zinapokukata pumzi.
Dirishani nimeegemeza godoro, ukutani blanketi,
na bado kuku wa mama Ng'washi huingia kwenye filamu.
Sikiliza sehemu ya nne: malkia anatiliwa sumu,
mawaziri wameinama, kimya kimetanda,
mara, kwa mbali, ko-ko-ko-koo, ametaga.
Mteja mmoja wa Ukerewe alinipigia simu kuuliza
kama Wakorea nao hufuga wa kienyeji.

Kikorea sijui. Nisidanganye.
Nasoma Kiingereza kinachopita chini mbio kama panya,
kikinishinda natazama macho ya mtu,
macho yakinishinda, natunga.
Mimi ndiye mfalme, mimi mjakazi, mimi farasi.
Majina yao yalinikwama kooni kama mwiba wa ningu
nikawabatiza: mrithi wa kampuni ni Malale,
binti muosha vyombo ni Kabula,
na yule mama mkwe mwenye bahasha ya fedha,
"chukua hizi uachane na mwanangu,"
huyo sikumpa jina. Kila mtu ana wake.

Flashi zinashuka Kirumba, mpaka Mwaloni.
Wanawake wanageuza dagaa, wanageuza na maneno:
"Malale kamshika mkono lini?"
"Sehemu ya kumi na moja."
"Ya kumi na moja! Wangekuwa wa huku
wangeshapata mapacha."

Juzi Minza, yule mwenye mizani, akanisimamisha.
Simu mkononi, magamba kwenye kioo.
"Huyu si Malale wetu? Mbona ameinama hivi?"
Nikasoma. Nikarudia kusoma.
Anaomba radhi, nikamwambia.
"Ameua?"
Hapana.
"Ameiba?"
Hapana. Amepigwa picha usiku na mwanamke.
Wamekula tambi, wametembea, mwavuli mmoja.
Mashabiki wamekasirika, wamekodi lori
lenye maandishi ya taa, linazunguka ofisi yake
kutwa nzima likimuuliza kwa nini amewasaliti.

Minza alicheka mpaka akaegemea mizani,
kilo zikapanda, mteja akaanza kulalamika.
Halafu akaacha kucheka.
"Mwaka wa nne huu tangu nivue nguo nyeusi," akasema.
"Nikionekana na mtu pale Kamanga nangoja kivuko,
nani atahangaika na lori?
Hapa midomo inatosha, na haili mafuta."
Hakuwa ananiuliza. Au alikuwa.
Mimi, mwenye sauti kumi na nane,
sikupata hata moja ya kumjibu.

Jumanne nikafika sehemu ya mwisho.
Malale na Kabula wamesimama kando ya mto,
theluji inadondoka, dakika mbili bila neno.
Mahali kama hapo huwa napajaza:
nasema wanachowaza, nawasalimu watu wa Sengerema,
natangaza duka la betri la shemeji yangu.
Siku hiyo nilifungua mdomo, nikaufunga.
Theluji sijawahi kuishika. Sijui inasema nini.
Nikaiacha maiki wazi.
Kuku naye, sijui alipatwa na nini, akanyamaza.
Kisha ziwa likatuma mvua yake bila hodi,
ikapiga bati, ikapiga, ikapiga,
huku pichani weupe ule ukishuka taratibu
juu ya mabega ya watu wawili wasiosogea.
Ningeweza kurekodi upya. Sikurekodi.

Ijumaa nilipita Mwaloni. Sikuwa na shughuli Mwaloni.
"Ile ya mwisho," Minza akasema, akipima, haniangalii,
"hukusema kitu."
Sikuwa na cha kutafsiri.
Akatoa dagaa wawili kwenye sahani ya mizani,
akamrudisha mmoja.
"Ile ilikuwa mvua ya Jumanne," akasema.
"Niliitambua.
Nilianua dagaa peke yangu."